Boksi la Bati Chini ya Kitanda cha Mwaitu

Simu ya Mwaitu, mama yangu, huingia Jumapili baada ya kanisa, na kwa kawaida huwa na habari tatu: mvua, mazishi na bei ya ndengu. Jumapili moja ya Desemba 2025 iliongezeka ya nne. "Njoo uondoe takataka zako," alisema. "Mtoto anataka boksi."

Mtoto mwenyewe ni mpwa wangu, binti ya dada yangu, mmoja wa kundi la kwanza kabisa la Gredi ya 10 lililoingia sekondari pevu Januari 2026. Alikuwa amepangiwa shule ya bweni, na barua ya kujiunga ilikuja na orodha ambayo mzazi wa Kenya anaweza kuisoma akiwa usingizini: godoro, blanketi, ndoo, jembe, boksi la bati lenye kufuli. Fundi wa soko la Kabati alitaja elfu tatu na mia tano kwa boksi jipya. Dada akasikia bei, akanyamaza kidogo, kisha akakumbuka kwamba chini ya kitanda cha mama yetu huko Matinyani kuna boksi ambalo tangu 1997 lina kazi moja tu: kuzuia ufagio.

Nilifika Ijumaa jioni nikiwa nyuma ya bodaboda, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Matinyani ni sehemu ya Kitui Magharibi, nchi ya matuta na miembe na mito ya mchanga, na sijui boma la huko lililosomesha mtoto ambalo halina boksi kama langu. Watoto walikwenda Nairobi, Mombasa, Doha, wengine Marekani. Maboksi hayakwenda. Yalibaki nyumbani yakiwa yamefungwa, ufunguo hakuna, na kina mama wakapewa ulinzi bila kuulizwa. Mwaitu alikuwa ameliinua langu juu ya mawe manne. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli alimwaga jivu na oili chafu kuzunguka mawe hayo, kwa sababu mchwa wa Ukambani hahitaji mwaliko wa pili. Nilipofanya hesabu nikapata miaka 28 ya jivu. Hayo yote kwa ajili ya vitu ambavyo vingi mwenyewe nilikuwa nimeshavisahau, ila ningeulizwa ningeapa kwamba ni vya thamani kuu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona aibu, kabla hata ya kulifungua. Sisi tulioondoka huziita kumbukumbu zetu za shule. Anayeziinamia, anayezifagilia na kuzipisha kitanda ni mtu mwingine.

Kuna mwanamke wa Japani, Marie Kondo, aliyejipatia jina duniani kwa kuwafundisha watu kupunguza vitu nyumbani. Kitabu chake kilitoka kwanza Japani. Yeye hushauri uanze na nguo, kisha vitabu, kisha makaratasi, kisha vyombo na vikorokoro, na vitu vya kumbukumbu uviache mwisho kabisa, moyo ukiwa umeshazoea kuachilia. Ni ushauri mzuri kwa mtu mwenye kabati. Mwenye boksi moja la bati anakuta nguo, makaratasi na kumbukumbu zimelala pamoja, na fulana ya kandanda imefungia barua ndani yake.

Boksi lenyewe kwanza. Rangi ya buluu, jina langu kwa herufi nyeupe za fundi aliyekosa nafasi akazibana zile za mwisho. Mstari wa kutu umelizunguka, vidole vinne kutoka chini. Mstari huo ni wa El Niño. Sisi tuliofanya KCSE mwaka wa 1997 tulifanya mtihani mvua ikipiga mabati kiasi kwamba msimamizi alikuwa akiandika muda ubaoni badala ya kuutamka, na nilipomaliza karatasi ya mwisho mito ilikuwa imejaa na barabara zimekatika. Boksi lilikaa siku mbili kwenye veranda ya duka moja njiani, maji yakiingia na kutoka. Kufuli liligoma. Nilipiga nyundo mara tatu, likaanguka na kipande cha kutu.

Harufu iliyotoka siwezi kuieleza vizuri: karatasi, nondo, na kitu kama sabuni ya mche iliyozeeka. Mpwa wangu alirudi hatua mbili nyuma. Mwaitu alivuta kigoda akaketi. Alikuwa amesubiri siku hiyo kwa muda mrefu kuliko mimi.

Nilitarajia kukuta madaftari yangu juu. Hayakuwepo.

"Yale niliyatoa kabla boksi halijafungwa kabisa," Mwaitu akasema bila wasiwasi. "Niliyafungia mandazi."

Alikuwa akiuza mandazi siku za soko, na karatasi ya daftari ilikuwa ndiyo sahani, ndiyo kitambaa, ndiyo mfuko. Kila aliyekulia hapa anaijua karatasi hiyo. Ni hiyohiyo inayosokotwa kuwa pembe ya kutilia njugu, na ukimaliza njugu unasoma sababu za Vita vya Maji Maji kwa mwandiko wa mtoto usiyemjua. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, madaftari makuukuu yameongezeka heshima madukani. Kwa hiyo noti zangu za kemia za vidato vyote vinne ziliwahi kuliwa Matinyani, mafuta yakipenya katikati ya jedwali la elementi. Nilijaribu kuhisi uchungu na sikuupata. Pengine hayo ndiyo matumizi bora zaidi ambayo noti hizo ziliwahi kupata, maana matokeo yangu ya kemia sitayataja hapa.

Zilizobaki juu zilikuwa kadi za mtihani. Msomaji wa Gredi ya 10 huenda asijue kadi hizi zilikuwa nini. Kila Oktoba, mitaa yote ya Kenya ilifunikwa nazo: zenye waridi, zenye mishumaa, zenye unga wa kumetameta uliobaki vidoleni siku mbili, na zile za matajiri ambazo ukizifungua zinaimba. Mtahiniwa alizitundika kwenye uzi juu ya kitanda chake bwenini, na thamani yake mbele ya wenzake ilipimwa kwa urefu wa uzi. Baadaye kadi zilififia. Mwaka wa 2016, katika vita dhidi ya wizi wa mitihani, serikali ilifunga milango ya shule muhula wa tatu, ikazuia ibada za maombi na ziara za wazazi kwa watahiniwa. Simu za mkononi zikamalizia kazi.

Zangu zilikuwa 23. Mpwa wangu alizihesabu, kisha akawa anazisoma kwa sauti, na maneno yalikuwa yaleyale kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, Mungu na nyota na ushindi. Alifika kwenye ya kumi na kitu akasimama.

"Mjomba, mwandiko wa hii ni kama wako."

Nilikiri. Nne kati ya hizo nilijinunulia mwenyewe nikaziandika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu jirani yangu wa kitanda alikuwa na 19 na mimi nilikuwa na 19. Miaka yote 28 nilikuwa nimesahau kabisa jambo hilo. Ningeulizwa ningesema kwa nia safi kwamba nilipendwa na watu 23. Vitu vya kumbukumbu vina tabia hiyo mbaya, hukumbuka hata yale ambayo hukuviomba vikumbuke. Kadi zote zikaenda kwenye rundo la kuwashia moto, ila mpwa alibakiza moja iliyokuwa ikiimba. Betri ilikufa zamani, lakini alitaka kuona mashine yake ilivyo ndani.

Halafu zile barua, zote za msichana mmoja. Zilikuwa tisa, ndani ya fulana, zimekunjwa kwa ule mkunjo wa pembe ambao wasichana wa shule za bweni waliujua na wavulana hatukuweza kuurudisha. Karatasi za pedi zenye maua. Mojawapo bado ina unga mweupe kwenye mikunjo. Poda ya mtoto! Ilipuliziwa kabla ya bahasha kubandikwa ili inukie siku nzima. Sikuzisoma mbele ya watu. Nilisoma moja nje, chini ya mwembe, na kilichonishangaza hakikuwa mapenzi, maana mapenzi hayakuwemo kwa kiasi nilichokumbuka. Aliandika kuhusu dada yake mkubwa aliyeachishwa shule na jinsi alivyoogopa kwamba zamu yake inakuja. Mimi wakati huo nilikuwa nikitafuta tu mahali alipoandika "wako".

Leo ni mama wa watoto wanne. Sisi hukutana mara kwa mara kwenye mazishi, tukasalimiana kwa adabu, tukaulizana habari za wazee. Nikiwa pale chini ya mwembe niliona kwamba barua zile si zangu peke yangu. Mimi nilikuwa nimeandikiwa, lakini hofu ilikuwa yake, na nilikuwa nimeiacha chini ya kitanda cha mama yangu ambapo mjukuu yeyote mwenye nyundo angeweza kuisoma. Wapo wanaoshauri uzirudishe. Mimi sijui ningezirudisha vipi, kwenye mazishi ya nani. Nilizichoma zote tisa jikoni peke yangu. Hilo ndilo jambo pekee la siku ile ambalo sikuomba ushauri wa mtu.

Ripoti za muhula zilikuwa 12, mihula mitatu kwa miaka minne, na hapo mkono ulikataa kwenda mbio.

Nau, baba yangu, alikuwa askari wa zamu za usiku Industrial Area, Nairobi, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi ikiwa nauli imeruhusu. Hakuwa mtu wa kuandika. Hatuna barua yake hata moja. Alikuwa akimwambia mtu anayekuja upande huu, naye mtu huyo anatuambia. Lakini chini ya kila ripoti palikuwa na mistari miwili ya maoni ya mzazi, na shule ilikataa kumpokea mwanafunzi mwenye mistari mitupu. Kwa hiyo mara 12 baba yangu aliketi na kalamu. Mara 12 aliandika neno moja: Nimeona. Kisha tarehe, kisha sahihi yenye mkia mrefu. Muhula wa pili wa kidato cha tatu nilikuwa wa 38 kati ya wanafunzi 41. Mwalimu wa darasa alikuwa ameandika aya nzima. Nau aliandika Nimeona, na chini yake akapiga mstari. Nikiwa na miaka 17 niliuona mstari ule kama fimbo. Sasa ninauangalia na kuona kalamu imetoboa karatasi mahali pamoja, na nadhani alikuwa ametoka zamu bila kulala.

Alifariki mwaka wa 2004. Nilimwonyesha Mwaitu karatasi hiyo, nikidhani atataka zote 12 zihifadhiwe. Aliisogeza mbali na macho, akaisoma kwa mdomo. Kusoma alijifunzia gumbaru, yale madarasa ya watu wazima yaliyopamba moto baada ya kampeni ya mwaka wa 1979. Akasema, "Moja inatosha. Neno ni lilelile."

Nilibaki na ile yenye mstari. Nyingine 11 zina alama zangu za kemia, na hizo hazina haja ya kuishi.

Cheti chenyewe cha KCSE hakikuwa boksini, na nilipouliza, Mwaitu alinitazama kama mtu aliyeuliza jua liko wapi. Vyeti hukaa kwake, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na hati ya shamba na kadi ya kliniki ya mtoto aliyezaliwa kabla yangu akafariki, mahali ambapo hata mimi sipajui. Sababu ni kwamba cheti hicho kilikaa kwenye kabati la shule hadi 1999 kwa sababu ya salio la karo, na kikakombolewa kwa mbuzi wawili. Siku hizi sheria hairuhusu shule kuzuilia cheti kwa deni, ingawa malalamiko ya wazazi hayajaisha. Kwa msomaji anayetaka kuanza kupekua boksi lake wikendi hii, hapo ndipo pa kuanzia: cheti, matokeo na hati ya kumaliza shule zitoke kwanza, ziwekwe mbali na moto. Cheti kilichopotea kina safari ndefu, kuanzia kituo cha polisi hadi ofisi za baraza la mitihani. Kadi ya waridi haina safari yoyote.

Kwa jambo la picha, nilimwachia mpwa wangu. Alipiga kila kitu kwa simu yangu kabla hakijaenda kwenye rundo. Wataalamu wako upande wake. Watafiti wa Marekani walijaribu jambo hili katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na kulichapisha mwaka wa 2017: wanafunzi walioshauriwa wapige picha vitu vyao vya kumbukumbu kabla ya kuvitoa walitoa vitu 613, na wale waliohimizwa kutoa bila neno la picha walitoa 533. Kumbe tunachoogopa kupoteza si kitu, ni ule ushahidi kwamba tulikuwa watu fulani. Naamini hivyo. Pia ni kweli kwamba picha 64 zimo simuni mwangu na nimezitazama mara moja tu, nikiwa natafuta picha ya stakabadhi.

Katika pembe ya boksi mkono wangu ulipata kibao kidogo cha mti, tundu moja, kamba ya makonge imepitishwa. Nilikitambua kabla sijakitoa. Ilikuwa diski ya shule yetu ya msingi.

"Na hiki nacho?" Mwaitu akauliza.

Nikamweleza. Aliyesikika akisema Kikamba shuleni alivishwa kibao shingoni, naye akakaa akiwinda mwenzake atakayekosea ili ampe. Jioni waliokivaa siku hiyo waliitwa kwa majina na kuchapwa. Siku yetu ya mwisho ya darasa la nane, mimi na rafiki yangu tulikiiba ili wanaobaki wapumzike. Walichonga kingine wiki iliyofuata, nilisikia.

Mwaitu alikigeuzageuza. "Kikamba hiki ninachosema mimi?" aliuliza. Nikasema ndiyo. Hakusema lolote kwa muda. Nimekuwa mwanawe miaka 46 na sikuwahi kumwambia. Nadhani hakuna mtoto aliyemwambia mamake. Ungeanzaje, kwamba unapigwa kwa sauti yake? Mpwa wangu, aliyesoma chini ya mtaala wa CBC ambamo lugha ya nyumbani ina kipindi chake katika madarasa ya chini, alidhani tunatania. Mwaitu akakitupa kwenye rundo la kuni, juu ya kadi.

Kamusi nilimpa mpwa bila kufikiri. Ni ile ya TUKI, Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la kwanza lilitoka 1981, na yangu ilikuwa zawadi ya siku ya tuzo. Kitabu cha majedwali ya hisabati kina majina manne ya wenyewe, yote yamekatwa isipokuwa langu. Hicho nacho alikitaka, ingawa hana kazi nacho. Sweta ilikuwa imebaki kola. Tungeipeleka wapi? Siku hizi sare hushonwa hadi hapa Syongila, kwenye kiwanda cha nguo cha kaunti kilichoanzishwa 2018, na hakuna mtoto atakayekubali kola ya 1994.

Chini kabisa, kimelazwa bapa kama mkate wa chapati, palikuwa na kiondo.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Mfumo wa 8-4-4 ulianza Januari 1985, ukitokana na ripoti ya jopo lililoongozwa na Mkanada Colin Mackay, na ndoto yake ilikuwa kwamba mtoto akitoka darasa la nane awe na kazi mikononi. Kwa hiyo tulishona, tulipika, tulifinyanga. Wavulana tulifuma soksi za watoto wachanga kwa spoku za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Tulisokota kamba za makonge, tukachonga miiko, na mwaka wa 1993, nikiwa mtahiniwa wa KCPE ya enzi ya alama 700, mwalimu alitutaka kila mmoja alete kiondo.

Kiondo si kazi ya siku moja, na kwa Wakamba haikuwa kazi ya mvulana. Nyuzi za makonge husokotwa kwenye paja hadi paja lipate sugu, na kila mmoja anajua picha ya mama anayefuma akitembea kwenda kisimani, mzigo mgongoni, vidole havitulii. Miaka ya themanini vikapu hivi vilikuwa vikisafiri kwa maelfu kwenda Ulaya na Marekani, mabegani mwa wanawake ambao hawakujua Ukambani iko wapi. Mimi nilifuma mizunguko mitatu. Ilikuwa kama kiota cha ndege mwenye haraka. Mwaitu alikiangalia, akakifumua chote, akaanza upya. Alifuma usiku wa siku nne kwa koroboi, baada ya kukanda unga wa mandazi ya soko. Jirani zetu wote walikuwa wakifanya hivyohivyo. Ukitembea usiku Matinyani mwaka ule uliona taa moja kila boma, na chini yake mama akifanya mtihani wa mtoto. Ndiyo maana nilicheka mwaka wa 2021, wazazi wa mjini walipolalamikia kazi za CBC za kutengeneza vinyago na sanamu za kutishia ndege, hadi kesi ikafika mahakamani. Yalikuwa malalamiko mapya kwa wasiokulia kijijini.

Nilipeleka kiondo. Kilirudi na kibandiko cha karatasi ya manila kilichoshonewa mdomoni: jina langu, 14/20, na maneno mawili ya wino mwekundu.

Sikuthubutu kumwonyesha. Nilimwambia nimepata 18, na kwamba mwalimu alikipenda mno akakibakiza shuleni kwa maonyesho. Alifurahi. Aliwaambia wanawake wenzake sokoni. Basi ikabidi kiondo kisionekane tena kamwe, na nilipopata boksi la kidato cha kwanza, nilikilaza chini kabisa, nikaweka gazeti juu. Kilikwenda nami bwenini, kikalala humo miaka minne, kikanyeshewa na El Niño, kikarudi. Ndicho kitu pekee boksini ambacho sikuwahi kukisahau. Nilipokuwa nikiwaambia watu mjini kwamba nina vitu vya thamani nyumbani, nilikuwa nakiwaza hiki, na niliwaza juu ya boksi kama mtu anavyowaza juu ya kufuli.

Mwaitu alikitambua gazeti lilipoinuliwa. Alinyoosha mikono yote miwili. Alipitisha kidole gumba kwenye mzunguko wa rangi ya kahawia, ile rangi aliyoichemsha mwenyewe kwa magome, kisha akafika kwenye kibandiko. Akakisogeza mbali na macho. Mdomo ukaanza kusoma.

"Kumi na nne."

Nilinyamaza. Ana miaka 74, mimi nina 46, na magoti yangu yalilegea vilevile ambavyo yangelegea nikiwa na 14.

"Kitako kimepinda," akasoma. Akarudia. "Kitako kimepinda?"

"Mwaitu, nilikuwa mtoto."

"Sikuulizi wewe. Namuuliza aliyeandika."

Aliinuka, akaenda mezani, akakipiga kiondo ngumi ndani ili kipate umbo, akakisimamisha. Kikayumba. Tuliangalia wote watatu. Kiliegemea kidogo upande wa dirisha, kama mtu anayesikiliza.

"Meza ndiyo imepinda," Mwaitu akasema.

Mpwa wangu aliokota ile diski kutoka kwenye rundo la kuni, akapiga magoti, akaisukuma chini ya mguu wa meza. Meza ikatulia. Kiondo kikaegemea upande wa mlango.

Hakuna aliyesema neno. Mwaitu alikata uzi wa kibandiko kwa meno, akakikunja mara mbili, akakitia kwenye kitambaa cha pesa anachofunga kiunoni. Kiondo akakijaza ndengu za mbegu akakitundika kwenye msumari, mahali ambapo kitako hakionekani. Tulipasha maji, tukaosha boksi kwa majivu na mchanga. Fundi wa Kabati alilipaka rangi ya kijani Jumatatu kwa mia sita, jina la mpwa wangu likatosha vizuri kwa sababu ni fupi.

Jumapili ya tatu ya Januari simu iliingia saa ileile. Mvua haijarudi. Kuna mazishi Alhamisi ng'ambo ya mto, niangalie kama nitaweza kuja. Ndengu imepanda shilingi kumi. Mtoto amefika shule salama na boksi linafungika. Nilikuwa naaga aliponikatiza.

"Yule mwalimu wako wa kiondo," akasema, "bado yuko hai?"